Kreshi hailipi Julai na Agosti, kontra hakuna na mimba iko: nianzie wapi?

Swali la msomaji:

"Bonjour papa. Mi ni metresi wa maternele mu shule moja ya prive huku Kampemba, Lubumbashi. Niko na diplome ya pedagojia na huu ni mwaka wangu wa tatu hapa. Nalipwa 150.000 FC kwa mwezi lakini miezi kumi tu, Julai na Agosti hatupati kitu, tunaambiwa tutaonana rantre. Kontra sijawahi kusaini. Naingia 6h30, natoka 16h30 na siku zingine zaidi juu wazazi wanachelewa kuchukua watoto, Jumamosi tunakuja 7h mpaka 11h kufagia na kupanga darasa. Niko na watoto 34 na msaidizi mmoja. Wazazi wasipolipa minervali (ada ya shule), mshahara wetu unakatwa. Sasa niko na mimba ya miezi minne na sijamwambia mtu. Nikiuliza, promotrisi, mama mwenye shule, anasema hii kazi ni ya moyo, 'munacheza na batoto tu'. Niko na haki gani, na nianzie wapi bila kufukuzwa?"

Jibu:

Bonjour mama, asante kwa kuandika kila kitu wazi, hata masaa, juu bila masaa singeweza kukujibu vizuri. Nitakujibu kirefu sababu barua kama yako napata nyingi, za wamama wa komini zetu za Katuba, Kenya na Ruashi, na karibu zote zimebeba wasiwasi uleule: sina kontra, kwa hiyo sina haki. Hapo njo nataka kuanzia, juu hapo njo watu wengi wanakata tamaa kabla hata hawajauliza.

Kukosa karatasi hakukunyimi haki yoyote. Code du Travail yetu, yaani sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyoguswa tena Julai 2016, inasema kontra ya kazi iandikwe, na isipoandikwa inahesabiwa kuwa kontra isiyo na mwisho mpaka atokee mtu wa kuonyesha vingine. Soma hiyo mara mbili mama. Promotrisi ndiye hakuandika, na sheria haimpi faida kwa kutoandika. Na wewe mfanyakazi unaruhusiwa kuonyesha kwa njia yoyote ile kwamba kazi ipo na masharti yake ni yapi, si lazima karatasi yenye sinyatiri mbili.

Njia zenyewe ziko mu simu yako. Kama mshahara unaingia kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kila mesaji ya "umepokea" yenye jina la promotrisi au la shule ni ushahidi wa malipo, na zikifuatana mwezi kwa mwezi kwa kiasi kilekile, inspekta wa kazi hahitaji mtu wa kumwelezea ni kitu gani. Kama unalipwa mkononi na unasaini mu kaye (daftari), omba siku moja upige picha ule ukurasa, au piga kimya kimya wakati unasaini, mstari wako unatosha, majina ya wengine usihangaike nayo. Ile grupu ya WhatsApp ya wazazi ambamo promotrisi anakuandikia "metresi, kesho fika mapema", usiifute. Biletini za watoto ulizosaini, picha za sherehe ya mwisho wa mwaka umesimama na darasa lako, mzazi mmoja au wawili wanaokubali kusema "ndiyo, huyu njo anafundisha mtoto wangu tangu mwaka fulani", vyote vinaingia. Toa kopi, uweke nyumbani au kwa ndugu yako, si mu kabati ya shule.

Sasa hii ya "munacheza na batoto tu". Mi imeniudhi na sitaipita haraka, juu njo mzizi wa mshahara wenu mdogo. Nimeingia mu maternele nyingi za huu mji, naona asubuhi inavyokwenda. Mtoto wa kwanza analetwa na taxi-moto hata 7h haijafika, amelala begani. Wa pili analia na hataki kuachia nguo ya mama yake. Wa tatu amekojoa njiani, inabidi abadilishwe, na maji hakuna mu robine tangu juzi kwa hiyo msaidizi ameenda na bidoni kwa jirani mwenye fora (kisima cha kuchimbwa), na wewe umebaki peke yako na ishirini. Kuko mmoja ana joto, unamshika shingoni unajua hii si joto ya jua, unamweka pembeni, unapiga simu kwa mama yake haipatikani. Kati ya hapo unaimba, unawapanga kwenye mstari wa kunawa mikono, unaangalia nani hali na nani anakula chakula cha mwenzake, unagundua mmoja mwenye miaka mitatu na nusu hajibu akiitwa kwa nyuma na unajiuliza kama anasikia vizuri. Hiyo ya mwisho, mama, wazazi wake mwenyewe walikuwa hawajaiona. Kazi ya kumwona mtoto mmoja mmoja kati ya 34 inahitaji akili, mafunzo na nguvu ya mwili. Recommendation ya mwaka 1966 ya UNESCO na shirika la kazi la dunia, BIT, juu ya hali ya walimu, inawahesabu walimu wa watoto wadogo sawa na wale wa primere na segondere, wa shule ya serikali na ya prive. Kwa hiyo mtu asikwambie wewe si mwalimu.

Tuje kwa hesabu.

Chini ya mshahara kuko mstari unaoitwa SMIG, yaani kiwango ambacho hakuna mwajiri anaruhusiwa kushuka chini yake. Mei 2018 kiliwekwa 7.075 FC kwa siku, kwa mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa, asiye na ufundi wowote. Mei 2025 serikali ilisaini dekreti nyingine: 14.500 FC kwa siku kwanza, kisha 21.500 FC kuanzia Januari 2026. Sasa chukua mshahara wako, 150.000 ugawe kwa siku 26 za kazi, unapata kama 5.770 FC kwa siku. Yaani hata tukisahau dekreti mpya kabisa, tukabaki na ile ya 2018, ulipaswa kupata 183.950 FC, na hiyo ni ya mtu wa ngazi ya kwanza, wakati wewe uko na diplome ya pedagojia na ngazi yako iko juu zaidi, SMIG inapandishwa kulingana na daraja la kazi. Kwa 14.500 ni 377.000 kwa mwezi, kwa 21.500 ni 559.000. Najua unaposoma hizi namba unaweza kucheka au kulia, juu kreshi yako ni ndogo na unajua promotrisi hana hiyo feza leo. Nitarudi hapo. Lakini ujue kwanza mstari uko wapi kabla ya kuongea na mtu.

Halafu ile miezi kumi. Ukipata 150.000 mara kumi na ukaishi nayo miezi kumi na mbili, mshahara wako wa kweli ni 125.000.

Masaa: sheria inasema mwisho ni masaa 9 kwa siku na 45 kwa juma, na inataja hata nyumba za mafundisho, kwa hiyo shule haiwezi kusema haihusiki. Muda unaanza kuhesabiwa pale unapokuwa mahali pa kazi, tayari kwa mwajiri, mpaka kazi inapoisha. Hii ni muhimu sana kwa nyinyi wa maternele. Watoto wakilala mchana wewe hulali, unawalinda, hiyo ni kazi. Ukikaa na mtoto mmoja hadi 17h15 juu baba yake yuko mu bouchon ya magari, hiyo ni kazi. Ukila na watoto mezani huku unawapangusa midomo, hiyo si poze, ni kazi. Wewe mwenyewe umeandika masaa kumi mara tano, hamsini, na Jumamosi manne, 54 kwa juma. Yako 9 ya ziada kila juma. Masaa sita ya kwanza yanaongezwa 30 kwa mia juu ya bei ya saa, yanayofuata 60 kwa mia. Hujawahi kulipwa hata moja.

Julai na Agosti sasa, juu njo kichwa cha barua yako. Tumeona kontra yako inahesabiwa haina mwisho. Je, mwezi wa Juni iliisha? Kuko mtu alikupa barua ya kuifunga? Kuko preavi, yaani taarifa ya mapema? Mwajiri akitaka kumaliza kontra ya namna hii anahitaji sababu ya kweli na preavi ya siku 14 za kazi pamoja na siku 7 za kazi kwa kila mwaka uliotimiza, wewe kwa miaka miwili kamili ni siku 28. Hakukuwa na barua, hakukuwa na preavi, na Septemba unaitwa kwa simu "metresi njoo", hakuna anayekuandika upya kama mtu mpya. Kwa hiyo kontra iliendelea. Wanaweza kusema ilisimama kwa muda, lakini sababu za kusimamisha kontra zimeorodheshwa mu Code, ugonjwa, uzazi, mgomo, nguvu kubwa isiyozuilika na zingine, na vakansi ya watoto haimo. Njo hoja nayotumia mbele ya inspekta na naiamini. Pia konje ya mwaka, likizo ile ya kulipwa, ni angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili uliotumika, ni haki yako na promotrisi anaweza kuipanga ndani ya vakansi kubwa, sawa, lakini iwe imelipwa.

Kuko promotrisi wajanja kidogo wanaoandika kontra ya Septemba mpaka Juni kila mwaka. Kama wako ataleta hiyo baada ya wewe kuuliza, usisaini siku hiyohiyo, sema unaenda kusoma nyumbani. Sheria inasema kazi ya kudumu inataka kontra isiyo na mwisho, na kontra za muda haziwezi kuzidi mbili na mwajiri mmoja isipokuwa kazi za msimu na kazi maalumu. Kulea watoto mu shule inayofunguliwa kila mwaka si kazi ya msimu hata kidogo.

Juu ya kukatwa wakati wazazi hawajalipa. Makato yanayoruhusiwa kwenye mshahara yametajwa mu sheria, kodi, CNSS (kasha la pensheni na posho za familia), avansi uliyochukua na machache mengine. Deni la mzazi halimo. Mzazi amefanya makubaliano na shule, si na wewe, na hasara ya biashara ni ya mwenye biashara. Pia mnatumwa kuwafukuzia wazazi minervali getini, najua, mnageuzwa maadui wa wazazi kwa feza ambayo hata haifiki kwenu. Mi naona hiyo ni mbaya kwa mtoto pia, anaona metresi wake na mama yake wanagombana kila asubuhi.

Mimba. Hapa mama nataka uwe mwangalifu na pia usiogope kupita kiasi. Sheria inakupa majuma 14 mfululizo ya uzazi, 6 kabla na 8 baada, na theluthi mbili za mshahara wako. Promotrisi haruhusiwi kukufukuza juu ya mimba. Ukirudi, una poze mbili za nusu saa kila siku za kunyonyesha, zinalipwa kama kazi. Lakini hizi haki zinalindwa vizuri zaidi pale mwajiri amejua rasmi kwamba una mimba, kwa karatasi ya daktari, si kwa uvumi. Kwa hiyo ushauri wangu ni usikae kimya mpaka tumbo lijionyeshe. Nenda kwenye CPN, kliniki ya wamama wajawazito, omba sertifika yenye tarehe inayotarajiwa ya kuzaa, toa kopi mbili, mpe promotrisi moja na kwenye ya pili aandike "nimepokea" na tarehe na asaini. Akikataa kusaini, mtumie picha yake kwa WhatsApp, yale alama mawili ya bluu yanatosha kwa kuanzia. Na bidoni za maji acha kubeba leo, mwambie daktari aiandike pia.

Jambo moja ambalo wengi hawalioni: uzazi na vakansi vinakutana. Ukizaa karibu na Juni au Julai, atakwambia "si tuko vakansi, hakuna kazi, hakuna kulipa", na Septemba utakuta mtu mwingine mu darasa lako bila mtu kukufukuza kwa mdomo. Njo maana ile hoja ya kontra kuendelea Julai na Agosti inakuhusu mara mbili mwaka huu.

CNSS nitaisema haraka. Mwajiri lazima akuandikishe. Yeye anatoa 13 kwa mia ya mshahara (5 ya pensheni, 6,5 ya familia, 1,5 ya ajali za kazi), wewe 5 kwa mia ya pensheni. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya CNSS na kadi yako uulize kama jina lako lipo. Kama kwenye mshahara wako kuko mstari wa makato ya CNSS na jina halipo, hilo ni kosa zito na inspekta atalipenda sana. Usisahau kwamba malipo ya uzazi na ya watoto yanapitia pia hapo, kwa hiyo si habari ya uzeeni tu.

Sasa nirudi kwa ile ya "promotrisi hana feza", juu sitaki uende na namba zangu kichwani kama vile anaficha mamilioni. Wengine wanaficha, kuko kreshi za kartie ya Golf zinazolipisha kwa dola na bado metresi analipwa vibaya vilevile, hao sina huruma nao. Lakini ya kwako ya Kampemba nadhani inaishi kwa minervali ndogo za wazazi ambao nao hawalipwi kwa wakati. Gratwite, masomo ya bure, iliyoanza Septemba 2019 ni ya primere ya serikali. Maternele ilibaki nje, kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu mpaka mitano analipiwa chote na mzazi, kodi ya nyumba, chaki, sabuni, uji, na wewe. Mzazi hawezi kuongeza, promotrisi hapunguzi kodi ya parseli, basi kinachonyooshwa ni mshahara wa metresi, na juu metresi ni mwanamke na inadhaniwa kulea ni asili yake, hakuna anayeona aibu. Hata mu shule za serikali na za konvansyone (za makanisa zinazolipwa na serikali) metresi wengi wanafundisha wakisubiri kuingia kwenye listi ya malipo, miaka inapita, wanaitwa N.U., "nouvelles unités", mpaka wanazoea hilo jina. Kwa hiyo kama ulikuwa unafikiria kuhamia huko, ulizia kwanza kama ile nafasi tayari ina namba ya malipo, usihame kwa ahadi.

Nchi nyingine zina tatizo hilohilo, msidhani ni sisi peke yetu. Ayalandi, nchi tajiri ya Ulaya, wafanyakazi wa kreshi walilia miaka mingi kwa mishahara midogo, na mu Septemba 2022 ndipo wakapata kiwango cha chini cha sekta yao nzima, euro 13 kwa saa, kilichokaa mezani kati ya sendika na waajiri, na serikali ikaweka feza yake ndani ya kreshi ili hicho kiwango kiwezekane bila kuwaangukia wazazi. Vitu viwili vilikutana, watu walikaa pamoja kama sekta na serikali ikalipa sehemu. Kwetu kile cha pili kinabidi kudaiwa Kinshasa na kwa gavana, na metresi mmoja hawezi kukidai peke yake. Cha kwanza kiko mikononi mwenu. Mko wangapi mu kreshi yenu, sita? Na mu kartie mzima?

Basi wapi pa kuanzia. Mi ningeanza na vile ambavyo havimgharimu sana promotrisi, kwa sababu nataka ubaki na kazi na upate kitu, kuliko kuleta namba ya 559.000 siku ya kwanza akaona amevamiwa na akafunga mlango.

Leo jioni anza kaye. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mtoto wa nani alichelewa, mshahara uliingia siku gani na kiasi gani. Mistari miwili kwa siku inatosha. Kaye iliyoandikwa siku kwa siku inaaminiwa kuliko hadithi ya miaka mitatu inayosimuliwa kwa machozi, nimeona mara nyingi mbele ya inspekta, mwajiri anasema "huwa wanatoka 15h" na metresi anafungua ukurasa.

Kisha ongea na wenzako, wote, na msaidizi pia. Barua moja yenye majina yote ni ngumu kuijibu kwa kumfukuza mtu mmoja. Ndani ombeni vitu vinne kwa sauti ya heshima: kontra ya maandishi, kuandikishwa CNSS, karatasi ya mshahara kila mwezi inayoonyesha kilichokatwa (hiyo ni lazima mu sheria, si zawadi), na mshahara wa miezi kumi na mbili. Kwa hiki cha mwisho mnaweza kupendekeza njia: wazazi wagawiwe minervali ya mwaka kwa namna ambayo sehemu ndogo inawekwa pembeni kila mwezi kwa ajili ya Julai na Agosti, shule zingine za mji zinafanya hivyo na wazazi wanaelewa wakielezwa mwanzoni mwa mwaka. Na kwa wanaochelewa kuchukua watoto, iwekwe bei ya kila nusu saa baada ya saa ya kufunga, feza iende kwa aliyebaki na mtoto. Utaona, kuchelewa kutapungua kwa juma moja. Kiwango cha mshahara chenyewe kiombeni kwa hatua, lakini hatua ya kwanza iwe angalau kutoka chini ya ile ya 2018, juu promotrisi akibaki chini ya hapo hakuna anayeweza kumtetea.

Barua iwe na kopi iliyosainiwa kupokelewa. Mpeni majuma mawili au matatu.

Asipojibu, au akianza vitisho, nendeni Inspection du Travail. Kabla ya kesi yoyote ya kazi kufika tribinali lazima ipitie kwa inspekta kwanza kwa kupatanishwa, kwa hiyo kwenda huko si "kumpeleka mtu korti" kama watavyokwambia. Anawaita wote wawili, mnasikilizwa, mkikubaliana inaandikwa prose-verbali, msipokubaliana inaandikwa pia na hiyo karatasi njo inafungua mlango wa Tribunal du Travail. Usitoe feza bila risiti kwa mtu yeyote anayekwambia faili yako "itatembea" haraka.

Na hapa kuko saa inayokimbia, mama, tafadhali usiipuuze. Madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka mmoja tangu siku ulipopaswa kulipwa. Mengine ya kontra yana miaka mitatu, ila mshahara ni mwaka mmoja tu. Yaani Julai ya mwaka jana inakufa Julai ya mwaka huu, Agosti inafuata, na masaa yako ya ziada yanakufa mwezi kwa mwezi nyuma yako wakati unafikiria. Vakansi yako ya kwanza, ile ya mwaka uliotangulia, kwa kweli sioni kama utaipata tena. Madai yakishafika rasmi kwa inspekta, hiyo saa inakatwa. Kwa hiyo kama barua inachelewa kwa kuogopa, weka tarehe: ikifika katikati ya Mei bila jibu lolote, nenda kwa inspekta hata kama ni wewe na mwenzako mmoja tu.

Kufukuzwa, uliuliza. Siwezi kukuahidi kwamba hatajaribu. Nachojua ni kwamba ukiwa na sertifika ya mimba iliyopokelewa, barua yenye majina mengi na kaye yenye masaa, kumfukuza mtu kama wewe kunaweza kumgharimu kuliko kukulipa vizuri, juu kufukuzwa bila sababu ya kweli kunazaa fidia ambayo tribinali inaweza kuipandisha mpaka mishahara ya miezi 36. Mwambie mtu anayemheshimu amweleze hiyo kwa upole kabla hajafanya kosa, pasta wake, kaka yake, mzazi mmoja anayejua sheria. Mara nyingi inatosha.

Na yule msaidizi wako anayeenda kuchota maji. Hukuniandikia analipwa ngapi, lakini nadhani ni chini ya wewe. Yeye hana diplome na atafikiri haya yote hayamhusu. Yanamhusu yote, SMIG ya ngazi ya kwanza imeandikwa kwa ajili ya mtu kama yeye kabisa, masaa yake ni yaleyale na CNSS yake ni ileile, na kama hajui kusoma vizuri msomee hii barua yote kabla hamjaandika yenu, jina lake liwemo.